Choo changu kilioteshwa jua kaunta: huduma ya kliniki moja Ngamiani, Tanga

Jina la kliniki silitaji, ila hasira sitaificha. Kikopo cha choo cha kupima kalprotektini kilikaa juu ya kaunta, pembeni ya dirisha, tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Nilipouliza, mhudumu wa maabara akanijibu huku anachezea simu: "Dada, choo ni choo, hakiozi mara mbili."

Kalprotektini ni protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zinapojaa kwenye utumbo wenye uvimbe. Ikikaa kwenye joto inapungua, na joto la Tanga mnalijua, kwa hiyo majibu yanaweza kutoka madogo kuliko hali halisi. Choo cha kwanza cha asubuhi kinatosha, kidogo tu, kisiguse mkojo wala maji. Kikopo kifungwe vizuri, kiandikwe jina na saa, kiingie friji, nyuzi 2 hadi 8. Kama sampuli inapelekwa Dar, uliza kabla hujalipa: inasafiri kwenye kibebeo chenye barafu, au inarushwa tu kwenye basi?

Hata dawa ninazotumia hawakuuliza. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila mwenye maumivu ya viungo anameza, zinaweza zenyewe kupandisha kipimo hiki, na kwa baadhi ya watu zinauchochea ugonjwa wa utumbo. Kawaida daktari anakuachisha kama wiki 2 kabla ya kupima. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya choo, uvimbe wa utumbo hauelekei kuwepo. Juu ya 250 lazima ufuatiliwe. Katikati unarudia kipimo. Yangu ilikuwa katikati. Daktari akasema sina kitu, ni taifodi kidogo na yutiai.

Taifodi kidogo! Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, ikiwa chanya peke yake haithibitishi taifodi, maana kingamwili za maambukizi ya zamani hubaki kwenye damu. Nilimwonyesha kifundo cha mguu kilichovimba na vinundu vyenye maumivu mbele ya miundi, ambavyo kwenye ngozi nyeusi havionekani vyekundu bali vinaiva weusi, ukivigusa vina moto. Akaniuliza, "Umeleta mguu, choo kinaingiaje?"

Kinaingia sana. Ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda, yaani magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo, hushika pia viungo, ngozi, macho, mdomo, hata ini, na mara nyingine hayo hutangulia kabla tumbo halijalalamika. Vinundu na uvimbe wa magoti mara nyingi hupanda na kushuka pamoja na utumbo. Mgongo unaokakamaa asubuhi na kulegea ukitembea unaweza kwenda njia yake, na jicho vilevile.

Nilitaka nitoe nyota sifuri, lakini haki itendeke. Mtaalamu wao wa macho hakunipa matone ya "macho mekundu" kama wanavyofanya madukani. Jicho langu linalouma ndani, linalokimbia mwanga na kuona ukungu alilimulika kwa mashine, akakuta uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, kisha akauliza: "Choo kina damu? Kamasi? Umepungua uzito?" Akaandika rufaa ya kamera ya utumbo. Kwa ajili yake ningewaambia nendeni, na jicho la namna hiyo usilicheleweshe hata siku moja.

Ila msiingie chumba cha yule daktari wa "taifodi kidogo"! Kwa ajili ya mguu, dirisha la dawa lilishanifungashia vidonge vya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe inayoshusha kinga ya mwili. Huku kwetu TB ya utumbo inafanana na Crohn mpaka kwenye kamera, na amiba inafanana na kolaitisi. Kalprotektini haizitofautishi, zote zinaipandisha. Kwenye kamera, vinyama vya kupimwa maabara vichukuliwe sehemu kadhaa, pamoja na mwisho wa utumbo mwembamba, hata panapoonekana pazima, na TB itafutwe kwanza. Prednisoloni ikitangulia, TB inapata nafasi ya kusambaa, na kamera inaweza kukuta uvimbe umetulia kwa muda.

Pakiti niliwarudishia bila kuifungua. Pesa hawajarudisha.