Simu ya Kwenda Nayo Ziwani: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mvuvi wa dagaa anayeondoka jioni mwaloni Igombe, mahali mitumbwi inapotia nanga, na kurudi alfajiri hawezi kuchagua simu kwa vigezo vya mwenye duka wa mjini Mwanza. Yeye anahitaji chaji itakayofika asubuhi, simu inayoshika mtandao mbali na mnara na isiyoharibika upesi ikirushiwa maji. Nimezipanga kwa mambo hayo matatu, wala sikuangalia kamera.

Ya kwanza ni kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, cha laini mbili. Betri yake hukaa siku kadhaa na ikichoka hubadilishwa bila fundi; vitufe vyake hubonyezeka hata kwa vidole vilivyolowa, wakati ambapo kioo cha kugusa hukataa kutii; na malipo ya mchuuzi wa Kirumba hupokelewa bila bando. Laini ziwe za mitandao miwili tofauti, kwa sababu unaoshika vizuri Ukerewe huenda usishike kwenye mwalo mwingine. Waulize wanaovua huko kabla ya kusajili. Mkifika pasipo na mtandao kabisa, zimeni simu, kwani kuutafuta mnara usiopatikana hula chaji upesi. Kitochi hakizuii maji, basi kinunuliwe pamoja na mfuko wa plastiki unaofungwa barabara.

Ya pili ni simu janja ngumu yenye alama ya kinga ya vumbi na maji, IP67 au IP68. Katika IP67, 6 ni kinga dhidi ya vumbi na 7 ni kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Katika IP68 kina na muda hutajwa na mtengenezaji, kwa hiyo visomwe kwenye karatasi yake. Faida yake kubwa kwa nahodha ni GPS, ambayo hupokea mawimbi ya satelaiti na kuonyesha mahali mtumbwi ulipo hata pasipo mtandao, mradi ramani ilipakuliwa nchi kavu. Kinachoishusha ni bei. Tena, ikishafunguliwa na fundi bila kuwekewa gundi na mpira mpya, kinga hiyo usiitegemee tena.

Simu janja mpya ya kawaida, hasa yenye betri ya 5,000 mAh, ni ya tatu. Inamfaa zaidi anayebaki nchi kavu, akafuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuwapigia wenzake kabla hawajaondoka.

Ya mwisho ni simu janja iliyokwisha kutumika, na hapo nashauri tahadhari kubwa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchini, na mwenye kuuziwa ndiye aliyebaki na hasara. Bonyeza *#06# ukiwa bado dukani, linganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ile ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 ujue kama si bandia. Jaribu laini zote mbili kwa kupiga, chomeka chaja, na kama mgongo wa simu umetuna, betri imevimba: irudishe kwa muuzaji kabla hujatoa pesa.