jamovi kwa utafiti wa ubaguzi shuleni: ni nzuri, ila chagua kundi rejea mwenyewe

Kwa anayetafiti ubaguzi wa rangi na kabila katika elimu ya Uganda, jamovi ndiyo programu ya takwimu tunayopendekeza kuanza nayo. Ni ya bure, na ikishawekwa haidai intaneti. Moduli ya GAMLj, nyongeza ya kuchanganua data yenye ngazi kama wanafunzi ndani ya shule, huongezwa kando, na ni ya lazima, kwani matokeo ya watoto wa shule moja hayako huru, yaani huelekea kufanana. Pasipo mtandao, faili lake la .jmo husafiri kwa flashi.

Kasoro kubwa ni kundi rejea. Ukiingiza kabila kwenye rigresheni (hesabu ya jinsi mambo kama kabila yanavyohusiana na matokeo), kundi lililotangulia kwenye orodha ndilo linalogeuka kipimo cha wengine wote, na msomaji wa jedwali huona Wakaramojong "wamepungukiwa" bila kuuliza ni nani aliyewekwa juu. Gillborn, Warmington na Demack, walioweka misingi ya QuantCrit (takwimu kwa mtazamo wa nadharia hakiki ya rangi) mwaka 2018, walionya kwamba nambari zina upande na makundi hayakuumbwa na maumbile. Kwa hiyo ndani ya GAMLj chagua usimbaji wa mkengeuko, kila kundi lilinganishwe na wastani wa makundi yote. Kundi moja halitaonekana jedwalini. Agiza wastani uliokadiriwa wa kila kundi, pamoja na mipaka yake ya uhakika (masafa ambamo wastani halisi huenda upo), ulione.

Kwa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, jumla ya alama za masomo manne huanzia 4 hadi 36, na 4 ndiyo bora. Toa kila jumla kutoka 40 kabla ya kuchanganua, la sivyo ishara zote zitasomeka kinyume.

Katiba, baada ya marekebisho ya 2005, inataja jamii 65. Batwa na Waik huwa wachache katika sampuli, basi wengi huwatupa kwenye "Wengine", na jamovi haikuzuii. Wastani wa "Wengine" si wa yeyote: Batwa waliondolewa misitu ya Bwindi na Mgahinga, Waik wako Karamoja. Waache peke yao, utaje idadi yao, na mahojiano yajaze palipobaki.

Rigresheni pia huondoa kila mstari wa data wenye thamani inayokosekana. Aliyeacha shule kabla ya PLE hupotea hivyo, na pengo kati ya makundi huonekana dogo kuliko lilivyo. Hesabu walioondolewa kwa kila kabila.

Faili la .omv huhifadhi data, mipangilio na matokeo pamoja, msimamizi akague kundi rejea lako. Futa majina ya wanafunzi kabla ya kulituma.