Kunakili diski za seva hadi jengo la pili: ununue nini kwanza

Tarehe 26 Septemba 2025 betri za lithiamu ziliwaka ndani ya kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Moto huo uliteketeza G-Drive, hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma yenye terabaiti 858, na nakala ya nje haikuwepo. Nawaeleza hivyo wateja wangu wa SACCOS na hospitali wanaosema seva zao mbili zinatosha, wakati zote mbili zimekaa chumba kimoja na zinatumia umeme wa soketi moja.

Kabla ya kuulizia bei ya mtambo wowote, pima umbali wa jengo la pili. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 hukugharimu milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Dar es Salaam hadi Kibaha ni kama kilomita 40: hutaihisi. Hadi Dodoma, kilomita 450 hivi kwa barabara, ni milisekunde 4.5 kabla swichi na ruta hazijaongeza zao. Ukitaka kila maandishi (data inayoandikwa kwenye diski) yathibitishwe pande zote mbili kabla mteja hajajibiwa, kazi moja inayoandika kwa foleni haitavuka maandishi 222 hivi kwa sekunde. Hisabati hiyo haibadilishwi na chapa ya mtambo. Kwa umbali huo, kubali upande wa pili uchelewe kidogo, kisha amua dakika ngapi za kazi unaweza kupoteza bila kufunga biashara.

Chaguo la kwanza: ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski, nakala kila dakika chache. Hili ndilo ningelinunulia taasisi nyingi za kwetu. ZFS hupiga picha ya diski (hali ya data ilivyo wakati huo) na kutuma vipande vilivyobadilika tu, na programu zake ni za bure. Proxmox, programu ya kuendesha seva pepe, ina urudufishaji (unakili wa data) wake unaotegemea ZFS, kila dakika 15 usipoubadilisha. Ila angalia: unafanya kazi ndani ya klasta moja (kundi la seva zinazoendeshwa pamoja), na klasta hiyo inataka mtandao wa karibu. Kwa safari ya Dodoma tumia Syncoid, programu ya kutuma picha za ZFS, kati ya seva mbili zinazojitegemea. Faida ninayoithamini zaidi ni kwamba picha za zamani hubaki. Niliwahi kushuhudia ofisi moja ikifuta jedwali la malipo kwa bahati mbaya. Urudufishaji wa papo hapo ulifuta na upande wa pili, kwa uaminifu kabisa. Picha ya saa moja nyuma ingewaokoa.

Pesa uliyookoa kwenye leseni iweke kwenye seva yenye RAM ya ECC (inayosahihisha makosa yake ya kumbukumbu) na kwenye laini ya faiba. Laini ya Mbps 100 hubeba gigabaiti 45 kwa saa ikijaa; terabaiti 10 za mwanzo zingechukua zaidi ya siku tisa. Usisubiri. Nakili kwenye diski ukiwa hapo hapo, zipakie garini, kisha mtandao ubebe mabadiliko tu.

La pili: DRBD, programu inayonakili papo hapo kila kinachoandikwa kwenye diski hadi seva ya pili, kwa majengo ya mji mmoja. Inatengenezwa na LINBIT ya Vienna, na imo ndani ya Linux tangu 2010. Chagua protokali C: maandishi hayathibitishwi mpaka yafike diski zote mbili, hivyo seva moja ikiungua hupotezi muamala uliokwisha kuthibitishwa. Hapa lazima ununue kitu cha tatu ambacho wauzaji wengi hukisahau: shahidi, kompyuta ndogo kwenye jengo jingine kabisa inayoamua ni seva ipi iendelee kuandika. Bila shahidi, faiba ikikatika kila seva itadhani mwenzake amekufa, zote zitaendelea kuandika, na kesho yake utakuwa na daftari mbili zisizopatana. Kuzipatanisha kwa mkono ni kazi ya kuumiza.

La tatu: makabati ya diski yanayonakiliana yenyewe. SRDF ya Dell, SnapMirror ya NetApp, ActiveCluster ya Pure Storage. Ni vyombo imara, na kwa benki yenye mifumo inayofanya kazi usiku na mchana ningeanzia hapa. Nimeyaweka chini kwa sababu utanunua makabati mawili, kwa kawaida ya chapa ileile, na mkataba wa matengenezo utakufuata kila mwaka. Uliza kama leseni ya urudufishaji imo ndani ya bei, na kama vipuri vipo nchini au vitaagizwa kwa ndege.

La mwisho: Ceph, programu inayounganisha diski za seva nyingi kuwa hifadhi moja. Naipenda, lakini inataka angalau seva tatu kila upande na fundi anayeijua vizuri. Kama fundi wako ni mmoja, na yeye ndiye anayebadilisha wino wa printa, iache.

Lolote utakalochagua, bado weka nakala rudufu iliyotenganishwa na mtandao, kwa sababu virusi vya kufunga mafaili hurudufishwa kama data nyingine. Na kwenye mkataba andika kwamba sehemu ya malipo ya mwisho itabaki kwako mpaka Jumamosi moja muuzaji azime jengo kuu mbele yako, na mhasibu wako aingie kwenye mfumo kutoka jengo la pili na kuchapisha stakabadhi.