Ainhoa: kijiji cha barabara moja na nyumba isiyouzwa

Nipo Bordeaux mwaka wa nne sasa, wikiendi iliyopita nikasema ngoja nitoke kidogo, nikakodi gari mpaka Ainhoa, kijiji cha Wabaski upande huu wa Ufaransa, ukisogea kidogo tu upo Uhispania. Nakipa nyota nne, ya tano imeliwa na njaa, ntaeleza.

Kijiji chenyewe barabara moja tu. Ukiwa na haraka dakika kumi umemaliza ila usiwe na haraka. Huku na huku manyumba makubwa meupe, mbao na madirisha yamepigwa rangi damu ya mzee, mengine kijani, mengi ya karne ya 17 maana vita vilishakiharibu kijiji ikabidi wajenge upya. Kilianza karne ya 13 kama kituo cha mahujaji wa Kikristo wanaotembea kwenda Santiago de Compostela, mji wa hija huko Uhispania, ndo maana nyumba zina ukumbi mpana pale mbele, wanauita lorio, mizigo na nyumbu wote walikuwa wanaingia humo.

Kilichonimaliza sasa ni nyumba inaitwa Gorritia. Juu ya mlango kuna jiwe limechongwa maneno, Kifaransa cha zamani, nikasoma kwa kubahatisha bahatisha mpaka nikaelewa: nyumba hii imekombolewa na Marie de Gorriti, mama wa marehemu Jean Dolhagaray, kwa hela alizotuma mwanae kutoka "Indes", yaani huko Amerika, na haitauzwa wala kuwekwa rehani, mwaka 1662. Jamani si ndo ile ile NYUMBA HII HAIUZWI tunayopiga kwa brashi ukutani Mbagala! Mwenzetu kachonga kabisa kwenye jiwe, madalali wakome. Nilisimama pale muda, sie wa kutuma hela kila mwezi tunajuana, kijana kafa lakini hela ilifika na mama hakuila.

Kanisa nalo ingia, ndani lina roshani za mbao ghorofa kwa ghorofa, zamani wanaume walikuwa wanakaa juu wanawake chini. Nje makaburi yana mawe ya duara kama sahani imesimamishwa, na jirani hapo hapo ukuta wa kuchezea pelota, ule mchezo wao wa kubamiza mpira ukutani, nilikuta watoto wawili wanabamiza hawana habari na marehemu.

Sasa njaa. Nimefika mgahawani saa nane na nusu mchana naambiwa jiko limefungwa mpaka jioni, hata mkate hamna, nikaambulia kipande cha keki yao ya jamu ya cheri nyeusi, tamu kweli ila keki sio ugali. Kuleni mapema.

Picha ya lile jiwe nikamrushia mama WhatsApp na maelezo marefuuu. Akajibu kwa voisi: "Nimeona baba, nzuri. Na ile hela ya mabati lini?"