Mapitio ya kitabu: And Still the Waters Run, cha Angie Debo

Kitabu hiki kilitoka mwaka 1940, na Princeton University Press wanaendelea kukichapisha hadi leo. Mada yake ni namna mataifa matano ya wenyeji wa Marekani, yaani Cherokee, Choctaw, Chickasaw, Creek na Seminole, yalivyonyang'anywa ardhi katika eneo ambalo mwaka 1907 lilifanywa jimbo la Oklahoma.

Mwandishi alizaliwa Kansas mwaka 1890, akaletwa na wazazi wake Marshall, Oklahoma, mwaka 1899, na mwaka 1933 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oklahoma. Idara za historia za zama zile hazikuwa na hamu ya kuajiri wanawake, naye hakupata kazi ya kudumu katika idara yoyote. Baadaye alisimamia mkusanyo wa ramani katika maktaba ya chuo cha Stillwater, mji wa Oklahoma. Nathubutu kusema kwamba kukosa cheo kulimfaa mwandishi wa kitabu cha namna hii, kwa kuwa hakuwa na mkuu wa idara wa kumwogopa.

Ardhi ya mataifa hayo ilikuwa mali ya wote kwa pamoja mpaka Tume ya Dawes, iliyoundwa na serikali ya Marekani mwaka 1893, ilipokuja kumgawia kila mtu kipande chake, na Sheria ya Curtis ya mwaka 1898 ikazifuta mahakama zao. Waandishi wengi wangeishia hapo. Debo anaendelea kufukua majalada ya serikali, hati za mauziano na kumbukumbu za mahakama za mirathi, mpaka tunaona waziwazi jinsi mtoto ambaye kipande chake kilikuwa na mafuta alivyowekewa msimamizi asiyemjua, jinsi msimamizi huyo alivyojikatia ada katika mali ya mtoto, na jinsi hakimu aliyepaswa kumzuia alivyopitisha hesabu zake. Sura hizo ndizo moyo wa kitabu, na ukali wake unatokana na utulivu wa mwandishi, ambaye hapazi sauti hata pale ambapo msomaji mwenyewe amekwisha kukasirika.

Mswada ulikuwa tayari mwaka 1936, lakini kiwanda cha uchapishaji cha Chuo Kikuu cha Oklahoma kilijitoa kwa sababu baadhi ya waliotajwa walikuwa hai na wenye nguvu. Mkurugenzi wake, Joseph Brandt, alipohamia Princeton ndipo kitabu kilipopata njia.

Kasoro zipo. Majina ya maofisa, tarehe na vifungu vya sheria vimesongamana kiasi kwamba msomaji asiyeujua mfumo wa utawala wa Marekani atalazimika kurudia kurasa, na sauti za wenyeji wenyewe husikika zaidi kupitia barua na ushahidi uliohifadhiwa na serikali kuliko kwa masimulizi yao ya moja kwa moja. Kwa mtunza nyaraka, mwanasheria wa ardhi au mwanafunzi wa historia, nakipendekeza bila kusita. Anayetaka simulizi linalotiririka atangulize kitabu cha Debo kuhusu Geronimo, kiongozi wa kivita wa Waapache, alichokitoa mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 86.