Safari ya Galápagos: usinunue meli, nunua njia

Ukianza kutafuta safari ya Galápagos mtandaoni, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni vyumba: kitanda kipana, dirisha la bahari, beseni la maji moto juu ya sitaha. Hizo ndizo picha zinazopandisha bei, nazo hazikuambii lolote kuhusu wanyama utakaowaona. Wanyama wa visiwa vile hawakutawanyika sawasawa. Mnandi asiyeruka yuko Fernandina na pwani za magharibi na kaskazini za Isabela, basi. Albatrosi wa huko, ndege wakubwa wa baharini, karibu wote huzaliana kisiwa kimoja, Española, na huwapo kuanzia Aprili hadi Desemba. Ndege maarufu wa miguu myekundu wamejaa Genovesa, kaskazini mashariki. Meli ya kifahari inayozunguka visiwa vya katikati itakurudisha nyumbani bila kumwona hata mmoja kati ya hao watatu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji: tunashuka wapi, siku gani, asubuhi au alasiri? Akikujibu kwa picha za chumba, tafuta mwingine.

Galápagos ni visiwa vya volkano vya Ekwado, nchi ya Amerika Kusini, takriban kilomita 1,000 magharibi ya bara. Asilimia 97 ya ardhi ni hifadhi ya taifa tangu 1959, na watu wanaishi katika visiwa vinne tu. Aliyezoea kukodi gari na kuzunguka Serengeti atashangazwa na masharti. Sehemu nyingi huruhusiwi kukanyaga bila mwongoza watalii mwenye kibali cha hifadhi, na mwongoza mmoja hachukui zaidi ya watu 16. Meli nayo hairuhusiwi kurudi mahali pale pale ndani ya siku 14. Ndiyo maana meli hufanya mzunguko wa wiki mbili unaokatwa vipande na kuuzwa kimoja kimoja: wiki hii magharibi, wiki ijayo kusini na mashariki. Jina la meli ni lile lile, bei ni ile ile, lakini hizo ni safari mbili tofauti kabisa.

Nikizipanga aina za safari kuanzia iliyo bora, namba moja kwangu ni meli ndogo ya abiria 16, siku nane, njia ya magharibi. Inazunguka Isabela na kufika Fernandina, kisiwa ambacho volkano yake, La Cumbre, ililipuka Machi 2024. Huko ndiko mkondo wa maji baridi unaotoka magharibi chini ya bahari hugonga visiwa na kupanda juu ukiwa na chakula tele, na hiyo ndiyo sababu pengwini wanaweza kuishi kwenye ikweta. Katika Punta Espinoza iguana wa baharini hulala wakiwa wamerundikana juu ya mawe meusi, na mnandi hukausha vijibawa vyake visivyofaa kitu hatua chache kutoka ulipo. Hawakimbii. Sheria inakutaka ukae mita mbili kutoka kwa mnyama, na mara nyingi wewe ndiye utakayelazimika kurudi nyuma.

Bei inauma. Siku nane katika meli ya kawaida huanzia kama dola 3,000 kwa mtu, na za kifahari hupita dola 8,000. Anayesafiri peke yake aulize mapema nyongeza ya chumba, kwa sababu baadhi ya meli humtoza karibu maradufu. Kama huwa unapata kichefuchefu baharini, chagua katamarani, yaani meli yenye miili miwili sambamba, na chumba cha chini, katikati ya meli. Chumba cha juu mbele kina mandhari nzuri na usiku mbaya.

Namba mbili ni kulala nchi kavu, na kwa wasomaji wengi hii ndiyo safari itakayowezekana. Lakini chagua visiwa viwili, San Cristóbal na Isabela, na usijaribu kubana vyote vinne katika wiki moja. Boti za abiria kati ya visiwa ni za mwendokasi, safari ni kama saa mbili za kurushwarushwa, tiketi dola 30 hadi 35. Hakuna boti ya moja kwa moja kati ya San Cristóbal na Isabela. Lazima upitie Santa Cruz, kwa hiyo siku nzima inaliwa na bahari. Kila kisiwa unachoongeza kinakula siku nyingine.

Faida ya nchi kavu ni vitu vya bure. San Cristóbal simba bahari hulala kwenye mabenchi ya ufukweni mwa mji wa Puerto Baquerizo Moreno kama abiria waliokosa basi, na unatembea kwa miguu hadi Cerro Tijeretas, kilima cha ndege frigeti, bila kulipa mtu. Isabela una Concha de Perla, ghuba ndogo unayoingia na miwani yako na mrija. Fedha uliyookoa kwenye hoteli itumie kwa safari chache za siku zenye maana: ukiwa Isabela, Los Túneles, matao ya mawe ya volkano baharini, na kreta ya volkano ya Sierra Negra, yenye upana unaokaribia kilomita kumi; ukiwa San Cristóbal, nenda Española, hasa katika miezi ya albatrosi.

Namba tatu ni meli kubwa. Mwisho unaoruhusiwa ni abiria 100. Haiyumbi sana, nyingi zina daktari, na chakula ni cha hoteli. Ubaya wake ni kupangwa makundi na kusubiri zamu ya vijiboti vya kushukia. Kama unasafiri na mama mwenye umri au watoto wadogo, ipandishe hadi namba moja bila kusita.

Namba nne ni kifurushi cha hoteli moja Puerto Ayora, Santa Cruz, na boti ya kwenda na kurudi kila siku. Si kibaya. North Seymour ina ndege wa miguu ya buluu, Bartolomé ina ile mandhari ya kwenye kalenda, na kobe wakubwa wako milimani wakitembea mashambani. Ila kila safari mara nyingi ni kati ya dola 150 na 250, na saa nyingi unazilipia ukiwa umekaa kwenye boti. Ukijumlisha nne au tano, pamoja na hoteli na chakula, tofauti na bei ya meli inapungua.

Ya mwisho ni meli ya siku nne, na ndiyo inayotangazwa sana. Siku ya kwanza unafika na ndege mchana, ya mwisho unatolewa asubuhi. Umelipia nne, umepata mbili kamili. Siku nane, kwa hesabu hiyo hiyo, zinakupa sita.

Meli za wazamiaji zinazokwenda visiwa vya Wolf na Darwin sikuzipanga, kwa sababu ni za wazoefu wa kuzamia na mitungi ya hewa peke yao. Papa nyundo ni wengi, na potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote, hupita Juni hadi Novemba. Kama unachotaka ni potwe tu, nenda kisiwa cha Mafia, Tanzania.

Kuhusu msimu: Januari hadi Mei kuna joto, mvua za vipindi na bahari tulivu. Juni hadi Novemba maji ni baridi, upepo mkali na manyunyu, lakini chakula cha baharini ni kingi na ndege wana shughuli. Ukienda miezi hiyo, hakikisha vazi la mpira la kuogelea limo kwenye bei au ulizia kodi yake.

Gharama ambazo matangazo huziweka kwa maandishi madogo: kiingilio cha hifadhi, ambacho tangu Agosti 2024 ni dola 200 kwa mgeni mtu mzima na dola 100 kwa mtoto wa chini ya miaka 12, pamoja na kadi ya usafiri ya dola 20. Beba taslimu, Ekwado inatumia dola ya Marekani tangu 2000. Ongeza ndege ya kutoka Quito au Guayaquil, miji ya bara, na bakshishi ya wafanyakazi wa meli.

Usilipe arbuni kabla ya kujua habari za viza ya Ekwado kwa pasipoti yako. Ukipitia Marekani utahitaji viza yao hata kama hutoki uwanjani. Kupitia Amsterdam ni rahisi zaidi kwa Mkenya na Mtanzania, lakini Madrid Mkenya anadaiwa viza ya kupita uwanjani tangu 2024, na mwenye pasipoti ya Kongo ya Kinshasa anadaiwa viza hiyo katika miji yote miwili. Kadi ya homa ya manjano isiachwe nyumbani. Na fika Quito au Guayaquil angalau siku moja kabla ya ndege ya visiwani, kwa sababu meli ina ratiba ya hifadhi na haisubiri mtu aliyechelewa Nairobi.