Rimoti za Magari za Mtumba kwa Jumla: Tathmini ya Duka Moja la Gerezani

Magari mengi yanayoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani huja na ufunguo mmoja tu, na mwenye gari akiupoteza hutambua upesi kwamba rimoti mpya ya kiwandani ni ghali mno, akaishia kwa fundi kuulizia ya mtumba. Kwa sababu hiyo sisi mafundi wa funguo hununua kwa jumla, na duka hili dogo la spea lililoko eneo la Gerezani, jijini Dar es Salaam, limenipa mzigo bora kuliko mengine niliyoyajaribu.

Ubora wake uko katika upangaji. Rimoti mbili za Toyota zenye ganda na vitufe vinavyofanana zinaweza kuwa na bodi, yaani kibao cha saketi kilicho ndani, tofauti kabisa: ya soko la Japani hutuma mawimbi kati ya megahezi 312 na 315, ilhali ya soko la Ulaya hutumia 433.92, na hakuna programu itakayolifanya gari lipokee masafa (frikwensi) ambayo halikuundiwa. Muuzaji hufungua ganda mbele yako, akakuonyesha namba iliyochapishwa kwenye bodi, kisha akapima masafa. Kufungua ganda si jambo dogo, kwani ganda jipya la Kichina ni rahisi kupatikana, na ndani yake huweza kufichwa bodi iliyoingia maji ikaota kutu ya kijani.

Hata hivyo, kipimo hicho huthibitisha tu kwamba vitufe vinatuma mawimbi. Rimoti nyingi za magari ya Toyota ya kuwasha kwa kitufe, zikishasajiliwa kwenye gari, hujifunga kwa gari hilo la kwanza, na haziwezi kuingizwa katika gari jingine mpaka zirudishwe katika hali ya mwanzo kwa kifaa maalumu. Hapa zilizokwisha kurudishwa katika hali hiyo na zile ambazo bado zimefungwa kwa gari la kwanza huwekwa pamoja na kuuzwa kwa bei moja, jambo linalomuumiza fundi asiye na kifaa hicho. Adai zitenganishwe kabla ya kulipa. Mwenye duka hukubali bila ubishi.

Duka hununua pia rimoti mbovu, maana hata iliyokufa hutolewa swichi za vitufe na vishikio vya betri. Bei hufuata namba ya bodi, wala si mng'ao wa ganda. Ninaheshimu sana kwamba muuzaji huuliza rimoti ilikotoka, kwa kuwa ile ambayo haijafutwa katika kumbukumbu ya gari lake bado inaweza kulifungua.

Ufunguo wa chuma uliomo ndani huwa umechongwa kwa gari jingine, hivyo mnunuzi aongeze gharama ya vyuma vipya. Bodi iliyokataa kusajiliwa hurudishwa na kubadilishwa, mradi haijaguswa na bunduki ya lehemu.